Mwongozo kamili: kuitembelea delta ya Nile pale Ziwa Albert, kuona korongo-nyangumi na kukaa na wenyeji

Wanaorudi kutoka Hifadhi ya Taifa ya Maporomoko ya Murchison, nchini Uganda, hunieleza jambo lile lile: "Tulipanda boti, tukaona viboko na mamba, tukafika kwenye maporomoko, lakini korongo-nyangumi, yule ndege mwenye mdomo kama kiatu, hatukumwona." Wengine huongeza kwamba wavuvi waliwapungia mkono tu kwa mbali.

Wengi wao hawakukosa bahati. Hawakufika delta kabisa. Boti waliyopanda ilikwenda juu ya mto, na delta iko chini. Mwongozo huu umeandikwa ili usipoteze safari kwa kosa hilo. Utahitaji siku mbili: moja ya maji, moja ya watu. Ukijaribu kuvibana vyote katika siku moja, utakachokosa ni delta yenyewe, kwa sababu maporomoko hayana haraka lakini ndege wana saa zao.

## Vitu vya kuandaa kabla hujatoka nyumbani

- Kitambulisho cha taifa au pasipoti. Kiingilio hutofautiana kwa raia wa Afrika Mashariki, mgeni mkazi na mgeni wa nje. Bila karatasi ya kuthibitisha, utatozwa kama mgeni wa nje.
- Kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kama unaingia Uganda kutoka nchi nyingine.
- Pesa kwenye simu au kadi ya benki kwa malipo ya hifadhi, na noti ndogo ndogo za shilingi kwa matumizi ya mialoni (vituo vya wavuvi kandokando ya maji) na barabarani.
- Darubini. Ya 8x42, inayokuza mara nane, inatosha. Hiki ndicho kifaa ambacho watu hukiacha, na ndicho kinachoamua kama utaona ndege au utaona doa la kijivu.
- Nguo za mikono mirefu za rangi ya kaki au kijani iliyofifia. Usivae bluu wala nyeusi, kwani rangi hizo huwavuta mbung'o, na dawa ya kujipaka haiwasumbui sana.
- Kofia, maji ya kunywa, chakula cha kubeba na koti jepesi. Asubuhi mtoni kuna baridi, na saa nne jua linachoma.
- Dawa ya kujikinga na malaria, kwa ushauri wa daktari, na chandarua kama hujui utalala wapi.
- Viatu vinavyofunika mguu wote. Sababu utaikuta kwenye hatua ya 7.

## Hatua ya 1: Jua mto unakwenda wapi

Nile ya Victoria inatoka Ziwa Victoria, inapita Ziwa Kyoga na Karuma, kisha inajibana kwenye mwanya wa mwamba usiofika hata mita kumi na kushuka kwa kishindo. Hapo ndipo maporomoko. Baada ya hapo mto unatulia, unapita Paraa, penye gati la boti, kuelekea magharibi, unapanuka, unagawanyika kwenye mikono na visiwa vya mafunjo, na kuingia Ziwa Albert kwenye ncha yake ya kaskazini. Hiyo ndiyo delta.

Maji hayakai sana ziwani. Karibu na hapo hapo yanatoka tena yakiitwa Nile ya Albert, yanapita Pakwach na kuelekea Sudan Kusini.

Kwa hiyo Paraa iko katikati. Mashariki, kama kilomita 17, ni chini ya maporomoko. Magharibi, kama kilomita 28, ni delta. Chora mstari huo kwenye karatasi kabla ya kupiga simu yoyote, kwa sababu maelewano yote ya boti yanategemea neno moja: juu au chini.

Eneo hili, kutoka maporomoko hadi ziwani, liliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mafunjo yale huchuja matope, huzuia kasi ya maji, na ndiyo mazalia ya samaki wanaolisha mialo yote ya kaskazini mwa ziwa. Ukielewa hilo, utaelewa kwa nini mwendesha boti atakukatalia kukata njia ndani ya mafunjo, hata ukimwongezea pesa.

## Hatua ya 2: Chagua mwezi

Nenda kati ya Desemba na mwisho wa Februari. Ukichelewa, Machi mwanzoni bado inafaa. Wakati wa kiangazi maji hupungua, vidimbwi hujitenga na mto, samaki hubanwa humo, na ndege hukusanyika panapolika. Barabara nazo zinapitika.

Faida nyingine ya miezi hiyo ni ndege aitwaye keremkerem wa koo jekundu, wanaotoboa matundu kwenye kingo za udongo na kuatamia humo kwa makundi. Boti ikipita karibu na ukingo uliojaa matundu, mwambie nahodha apunguze mwendo. Rangi zile zinastahili dakika kumi za safari yako.

Juni na Julai mvua hupungua kidogo, inawezekana kwenda. Aprili, Mei, na kuanzia Agosti hadi Oktoba, mimi simshauri mtu ambaye shabaha yake ni korongo-nyangumi.

## Hatua ya 3: Chagua lango kwa kuangalia utakapolala

Kutoka Kampala kuna njia mbili kuu. Ya kwanza inapita Masindi na kuingia kwa lango la Kichumbanyobo, ukavuka msitu hadi Paraa. Ya pili inapanda hadi Karuma, inakata kuelekea Pakwach, na unaingia kwa lango la Tangi, ambalo liko karibu kabisa na daraja la Pakwach. Anayetoka Hoima au Buliisa hutumia lango la Bugungu.

Pakwach ina nyumba za wageni za bei nafuu, na wengi huona ni busara kulala huko. Shida ni saa. Malango hufunguliwa karibu saa moja asubuhi, na boti ya delta inafaa iondoke saa moja hiyo hiyo. Ukilala nje, unafika Paraa jua likiwa limepanda na boti imekwenda.

Usiku wa kuamkia boti, lala ndani ya hifadhi au kwenye kambi ya karibu na Paraa. Usiku wa pili ndio wa Pakwach au Buliisa, kwa sababu siku hiyo unakuwa na watu na huna haraka ya lango. Kumbuka pia kwamba kibali cha kuingia huhesabiwa kwa saa 24, hivyo mpangilio huu unaweza kukuokolea kiingilio cha pili.

Usiendeshe gari ndani ya hifadhi baada ya saa moja jioni. Sheria hairuhusu, na tembo hawawashi taa.

## Hatua ya 4: Weka nafasi ya boti, na useme maneno sahihi

Boti huendeshwa na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, UWA, na pia na kampuni binafsi zenye kibali. Safari ya maporomoko ipo kila siku na huchukua kama saa tatu. Ya delta huchukua saa nne hadi tano, haina ratiba ya uhakika, na mara nyingi inahitaji idadi fulani ya watu au ukodi boti nzima.

Ukisema tu "nataka boti Paraa", utaandikiwa ya maporomoko. Sema hivi: "Nataka boti ya delta, ya kwenda chini ya mto hadi karibu na Ziwa Albert, kuondoka saa moja asubuhi." Kisha uliza mambo manne na uandikiwe majibu kwenye ujumbe wa simu:

1. Boti itageuka wapi? Jibu liwe delta yenyewe. Wakikujibu "tukiona viboko tunarudi", tafuta wengine.
2. Mwongozaji wa ndege yumo, au ni nahodha peke yake?
3. Boti ni ndogo au ni ile ya ghorofa? Kubwa haingii mikono myembamba ya mto.
4. Kila abiria ana jaketi okozi?

Kama mko wawili tu na bei ni kubwa, waombe ofisi wawaunganishe na kundi jingine, na mpige simu siku kadhaa mapema. Umefaulu hatua hii pale ujumbe wako unapoonyesha neno "delta", saa na bei, vyote vitatu.

## Hatua ya 5: Asubuhi ya boti

Hii ndiyo hatua yenyewe, kwa hiyo nitakaa nayo.

Fika gatini nusu saa kabla. Mkielekea magharibi asubuhi, jua liko mgongoni mwenu, na kila kilicho mbele kinaangazwa vizuri. Ndiyo sababu ya kugombea saa moja: mchana hali hugeuka, mwanga unakuwa mkali, na upepo wa ziwa huamka na kuyatibua maji. Kaa mbele, na ukiweza upande wa kulia, ambao ndio ukingo wa kaskazini.

Saa ya kwanza utaona tembo wakinywa, viboko, nyati, kuro na furukombe juu ya miti mikavu. Furahia, lakini usimruhusu nahodha asimame kwa kila kiboko. Mwambie kwa adabu mwanzoni kabisa: "Mzee, viboko tutawaona tukirudi. Twende kwanza tukatafute ndege."

Baadaye kingo zinashuka, nyasi zinageuka mafunjo marefu kuliko mtu, na mto unaanza kugawanyika. Hapo acheni kuongea.

Mahali pa kutazama. Korongo-nyangumi anapenda kamongo kuliko samaki wengine. Kamongo hupumua hewa, kwa hiyo lazima apande juu kila baada ya muda, hasa kwenye maji yaliyosimama ambayo hewa yake ni kidogo. Ndege anajua hilo. Hasimami penye mkondo. Husimama ukingoni mwa kidimbwi kilichotulia, pale mafunjo yanapoishia na mimea mifupi inayoelea inapoanza. Pitisha darubini kwenye mstari huo, polepole, kutoka kushoto kwenda kulia, kisha rudia.

Unachotafuta. Kitu cha kijivu kisichotikisika. Ana urefu wa zaidi ya mita moja, shingo nene, kichwa kikubwa chenye kishungi kidogo kisogoni, na mdomo mpana wenye ndoano kwenye ncha. Mara nyingi mdomo ameulaza kifuani, akitazama maji yaliyo miguuni pake. Wengi humchanganya na kulasitara mkubwa, ambaye shingo yake ni ndefu na nyembamba na ina rangi ya kahawia. Ukiona wembamba popote mwilini mwake, siye.

Ukimwona. Zimeni injini mkiwa mbali, acheni mkondo au mti wa kusukumia uwalete, na msimame. Hapo sasa ni kusubiri. Anaweza kukaa nusu saa bila kusogeza hata unyoya. Halafu ghafla anajitupa mbele na mwili mzima, mbawa wazi, mdomo ndani ya maji, na anainuka na fundo la majani na tope. Majani yanadondoka pande zote mbili za mdomo, kidogo kidogo, hadi anabaki na samaki tu. Kingo za mdomo ni kali, mara nyingi humkata kamongo kichwa kabla ya kummeza. Kisha huchota maji akanywa. Mtu aliyeona tendo hilo moja hatasema kwamba ndege huyu "hafanyi kitu".

Onyo. Akianza kuinua shingo, kugeuka kuwatazama au kuhamisha uzito wa miguu, mmeshakaribia kupita kiasi. Rudini nyuma. Kila mara anaporushwa anapoteza windo alilolisubiri muda mrefu, na akiwa na kiota, yai au kinda hubaki kwenye jua kali. Hutaga yai moja hadi matatu, na kwa kawaida kinda mmoja tu ndiye anayekua. Ndege hawa ni wachache duniani, maelfu machache tu. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: usimwahidi nahodha bahashishi ili amsogelee. Mpe bahashishi kwa kuwa alijua pa kusimama.

Siku ni nzuri pia bila yeye, kama umeona sile-maua akitembea juu ya majani yanayoelea, mdiria akipiga mbizi, na umeuona mto ukiisha na ziwa likifunguka mbele, na milima ya Kongo ng'ambo.

## Hatua ya 6: Delta kwa gari, alasiri hiyo hiyo

Upande wa kaskazini kuna njia za gari zinazoelekea Buligi, rasi iliyo kati ya Nile mbili. Ingia saa tisa na nusu au saa kumi, pamoja na askari wa hifadhi kama mwongozaji. Utaona twiga kwa makundi, kongoni, taya (swala mdogo), na sunu, swala aliye kwenye nembo ya Uganda. Simba huwafuata sunu, hivyo tazama kundi lote linapokazia macho upande mmoja.

Usishuke garini kwenda ukingoni mwa maji. Viboko hutoka mapema kuliko watu wanavyodhani.

Utakutana na malori, uzio na mabango ya mradi wa mafuta wa Tilenga, ambao baadhi ya visima vyake vimo humu ndani ya hifadhi. Usipige picha mitambo, kuna ulinzi. Kwangu mimi hili ni jambo la kuumiza, visima kukaribia mafunjo yanayolisha watu wengi hivi, na ningependa kila mgeni alione kwa macho yake badala ya kusimuliwa.

## Hatua ya 7: Siku ya watu

Delta ina wenyewe. Kusini, Buliisa, ni Wagungu, wavuvi na wafugaji walio ndani ya ufalme wa Bunyoro. Kaskazini na magharibi, Pakwach na Panyimur, ni Waaluri. Mashariki ya Nile ya Albert ni Waacholi. Na mialoni utakuta pia Wakongo. Ndiyo maana Kiswahili kinakubeba vizuri Wanseko, mwalo wa upande wa Buliisa: ni lugha ya sokoni na ya majini.

Njia ya kupita. Toka kwa lango la Bugungu, pita Buliisa, fika Wanseko, kisha vuka kwa kivuko hadi Panyimur, na umalizie Pakwach. Kwa safari hiyo moja umezunguka mdomo mzima wa delta. Thibitisha ratiba ya kivuko siku moja kabla. Kinapokwenda matengenezoni, watu hukaa wakisubiri bila taarifa. Usikubali kuvuka ziwa kwa mtumbwi uliojaa watu na mizigo, hasa mchana wa upepo. Ziwa Albert limezamisha wengi.

Kwanza, jitambulishe. Mwaloni mtafute kiongozi wa mwalo au mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji), umsalimie, umweleze umetoka wapi na unataka nini. Dakika tano hizo ndizo zinazotofautisha mgeni na mpelelezi, kwa sababu askari wanaozuia uvuvi haramu wamekuwa wakipita hapa mara kwa mara, na mtu mwenye kamera anayezunguka bila mwenyeji huwatia watu hofu. Askari wenyewe usiwapige picha kamwe.

Cha kuangalia. Asubuhi na mapema mitumbwi hurudi na samaki wadogo wavuliwao usiku kwa taa, muziri na ragoge. Kina mama huwaanika juu ya nyavu zilizotandazwa, huwageuza, huwalinda dhidi ya kuku na wingu la mvua. Omba ruhusa, kaa, uliza bei ya beseni na linakokwenda. Utajifunza kwamba sehemu kubwa huvuka kwenda Kongo na Sudan Kusini. Nunua kidogo. Mazungumzo baada ya kununua huwa tofauti na yale ya kabla. Angara wa kukausha kwa moshi nao wapo, na kwa ugali wa muhogo hawana mshindani.

Onyo la afya. Usitie mguu majini, hata kwa kupanda mtumbwi. Kichocho kimeenea sana pwani hii. Kama maji yamekugusa, nenda zahanati wiki kadhaa baadaye upimwe. Dawa yake, prazikwanteli, inapatikana.

Mahali patakatifu. Wagungu wana maeneo yao ya ibada kwenye misitu, mito na kandokando ya ziwa, na yana walinzi wa mila wanaoitwa balamansi. Hupaingii bila wao. Ukialikwa, fuata utakachoambiwa kuhusu viatu, kamera na maneno. Usipoalikwa, usiulize mara ya pili.

Empaako. Ukipita Bunyoro, utasikia watu wakiitana Abwoli, Akiiki, Amooti, Atwooki. Ni majina ya heshima na upendo, nayo yaliingia kwenye orodha ya UNESCO mwaka 2013 kama urithi unaohitaji kulindwa haraka. Muulize mtu empaako yake, mwite kwa hiyo. Mzee mwenye uso mkavu atalainika palepale.

Pakwach na shoka la mtoni. Ukifika Pakwach, muombe mzee wa Kialuri akusimulie habari za Gipir na Labongo, karibu na mahali paitwapo Wang Lei. Majina hubadilika kwa msimulizi, lakini kiini ni hiki: ndugu mmoja alichukua mkuki wa mwenzake, akamchoma tembo, tembo akakimbia nao. Mwenye mkuki akakataa fidia yoyote isipokuwa mkuki ule ule, na yule aliyeuchukua akautafuta porini hadi akaurudisha. Baadaye mtoto wa yule aliyedai akameza ushanga wa yule aliyetafuta, naye akadai ushanga ule ule. Mtoto akapasuliwa tumbo. Ndugu wakazika shoka mtoni, mmoja akavuka magharibi, mwingine akabaki mashariki, na hivyo Waaluri na Waacholi wakaachana. Sikiliza hadi mwisho bila kukatiza, na uache zawadi ndogo, sukari au sabuni. Usimkabidhi noti katikati ya simulizi.

Kama kuna adungu, kinubi cha Waaluri, omba upigiwe mkubwa na mdogo kwa pamoja. Mkubwa ndio unaobeba besi. Mseme malipo kabla, wazi, mbele ya kundi lote. Shukrani kwa Kialuri ni "afoyo", kwa Kiacholi "apwoyo".

## Ukimkosa korongo-nyangumi

Uliza ofisi ya boti Paraa alionekana wapi mara ya mwisho na kama maji yamepanda. Kama maji ni mengi, boti ya pili haitabadilisha kitu, okoa pesa zako.

Ukiwa unarudi kupitia Entebbe, pitia Mabamba, kinamasi cha Ziwa Victoria ambacho nacho kimo kwenye orodha ya Ramsar. Huko unapanda mtumbwi mdogo unaosukumwa kwa mti, mifereji ni myembamba, na ndege huonekana kwa ukaribu zaidi. Lala Entebbe, fika ufukweni saa moja asubuhi, kodi mtumbwi kupitia chama cha waongozaji wa pale, na masharti ni yale yale: kimya, umbali, na mtu aliyekaa mbele awe ndiye mwenye darubini.